Majira ya Baridi Katika Nyumba Zinazosomesha Watoto: Mfano wa Vermont

Jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, huingia katika majira ya baridi mwezi Novemba na huanza kuyaaga mwezi Machi au Aprili. Mjini Burlington, ulio karibu na nyuzi 44 na nusu kaskazini mwa ikweta, jua la mwisho wa Desemba huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na kuzama mnamo saa kumi na robo. Wastani wa halijoto ya Januari ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na zipo nyakati za usiku ambapo kipimajoto hupita nyuzi 20 chini ya sifuri. Theluji inayoanguka msimu mzima, ikijumlishwa, hufika kama mita mbili, na vijiji vya milimani hupata zaidi. Katika mazingira hayo zimo familia ambazo watoto wao hawaendi shuleni. Hufundishwa nyumbani na wazazi wao, na kwa miezi mitano nyumba zao huwa zimefungwa madirisha.

Sheria ya Vermont inamtaka mtoto wa miaka 6 hadi 16 apate elimu, na inamruhusu mzazi kuitoa mwenyewe akiijulisha serikali ya jimbo. Kufikia mwaka 1993 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa yamehalalisha utaratibu huu, na makadirio ya serikali ya mwaka 2016 yalionyesha watoto milioni 1.7 hivi wakisomea nyumbani. Chimbuko lake lina mikondo zaidi ya mmoja. John Holt, mwalimu aliyekata tamaa ya kuona shule zikibadilika, alianzisha jarida lake kwa ajili ya wazazi wa namna hii mjini Boston mwaka 1977. Familia nyingi za Kikristo ziliingia kwa sababu za imani, nyingine kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa au shule ilikuwa mbali. Wengi kati yao, wacha Mungu na wasio wacha Mungu, humrejea Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza ambaye kitabu chake cha mwaka 1886 kilitetea masomo mafupi, vitabu vilivyoandikwa vizuri, mtoto kusimulia kwa maneno yake alichosomewa, na saa nyingi za kukaa nje kila siku, baridi ikiwemo. Kati ya mafundisho hayo yote, ni hilo la mwisho ambalo majira ya baridi hulijaribu kweli kweli.

Ratiba ya nyumba hizi hupangwa na mwanga wa jua kabla haijapangwa na mtaala. Asubuhi watu huamka gizani. Nyumba nyingi za mashambani hupashwa joto kwa jiko la kuni la chuma, na kazi ya kwanza ni kuzoa majivu na kuyafufua makaa yaliyolala usiku kucha. Mtoto wa miaka minane huingiza magogo yaliyopangwa barazani, na mdogo wake wa miaka minne hubeba vijiti vya kuwashia. Kazi hii si ya kumchezesha mtoto, kwa sababu asipoifanya mtu, chumba hubaki baridi. Kuni huuzwa kwa rundo lenye kimo cha futi 4, upana wa futi 4 na urefu wa futi 8, yaani futi za ujazo 128. Mtoto aliyesaidia kuzipanga wakati wa vuli, akaona theluthi yake imekwisha kabla ya Krismasi, ana swali la hesabu ambalo hakuna aliyelitunga: je, zilizobaki zitafika Aprili? Hulipima rundo kwa kamba, hugawanya kwa majuma, na jibu lake hungojewa na watu wazima.

Penye kuku, kuna somo jingine. Maji yao huganda na hubidi kubadilishwa asubuhi na jioni. Kuku hutaga vizuri anapopata mwanga wa saa kama 14 kwa siku, na Vermont mwishoni mwa Desemba haitoi hata 9. Mayai hupungua, pengine hukoma. Mtoto anayeandika idadi ya mayai kwenye kalenda, pembeni ya saa ya kuzama kwa jua, huona safu mbili zikishuka pamoja na baadaye zikipanda pamoja. Hahitaji kuambiwa neno lolote kuhusu uhusiano wa vitu viwili vinavyobadilika. Ataambiwa akifika umri wake, na atakuwa analijua tayari.

Masomo ya mezani hufuata kifungua kinywa, na kwa watoto walio chini ya miaka tisa hayahitaji kuzidi saa mbili. Ni jambo linaloshangaza wageni, lakini darasani muda mwingi hutumika kupanga watoto thelathini, kungojea na kunyamazisha. Mbele ya mtu mmoja, mtoto husoma ukurasa, huandika mistari mitatu kwa mwandiko safi, hufanya hesabu sita, na hapo akili yake imefika ukomo wake kwa siku hiyo. Ugumu uko kwingine. Watoto ni wa umri tofauti na mwalimu ni mmoja, mara nyingi akiwa na mtoto mchanga kifuani. Mkubwa hufanya hesabu peke yake huku wa kati akisoma kwa sauti pajani mwa mama. Mdogo hupewa bakuli la maharagwe ayahesabu na kuyapanga kwa rangi, kabla hayajaingia sufuriani kwa ajili ya chakula cha usiku. Mzazi anayejaribu kuihamishia shule nyumbani, pamoja na kengele na vipindi vyake, huchoka mapema, na watoto huchoka naye. Wanaodumu ni wale wanaokubali kwamba somo litakatizwa na kilio, na kwamba baada ya kilio litaendelea.

Kiini cha siku ni kutoka nje. Hufanyika kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, jua linapokuwa juu kadiri liwezavyo, na ukiahirisha hadi alasiri umeikosa. Maandalizi yake ni marefu. Nguo ya ndani huwa ya sufu au ya nyuzi za plastiki, kamwe si ya pamba, maana pamba ikilowa jasho hubaki imelowa na kumwibia mtoto joto. Sufu huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu. Juu yake huvaliwa sweta, kisha suruali na koti lisilopitisha maji. Suruali hutangulia buti, kofia hutangulia kifuniko cha kichwa kilicho kwenye koti, na glavu huja mwisho kabisa, kwa kuwa aliyevaa glavu hawezi tena kufunga chochote. Mtoto wa miaka mitano anayejivalisha mwenyewe hadi mwisho amefanya kazi ya mpangilio na subira ambayo haimo katika kitabu chochote cha mazoezi, na ni kosa la mtu mzima mwenye haraka kumnyang'anya kazi hiyo.

Baridi yenyewe haichezewi. Upepo unapoifanya ngozi ihisi nyuzi 28 chini ya sifuri au zaidi, sehemu iliyo wazi yaweza kuganda ndani ya nusu saa, na siku kama hiyo watoto wadogo hubaki ndani au hutoka kwa dakika chache tu. Watoto hufundishwa kutazamana mashavuni, kwa kuwa doa jeupe lisilo na hisia ndilo dalili ya kwanza, na mwenye doa hilo hawezi kuliona mwenyewe. Kwenye bwawa, hakuna anayekanyaga barafu mpaka mtu mzima atoboe tundu na kupima unene. Barafu ngumu, angavu, yenye sentimita 10 humbeba mtu anayetembea. Theluji ikiifunika, huizuia kuongezeka unene, kwa sababu theluji hushika hewa na hewa iliyoshikwa haipitishi joto kwa urahisi. Panya wa porini huishi msimu mzima chini ya blanketi hilo.

Nje kuna mengi ya kusoma. Theluji iliyo karibu na kiwango cha kuyeyuka hushikana na kufanya mpira. Ikiwa baridi sana haishikani na hulia chini ya buti, na mtoto anayesikiliza sauti hiyo hukisia halijoto kabla ya kutazama kipimajoto. Usiku uliopita umeandikwa chini: nyayo za kindi zinazoanzia na kuishia kwenye mti, mstari mmoja ulionyooka wa mbweha, na alama kubwa za sungura wa theluji. Sungura huyo, aliyekuwa wa kahawia wakati wa kiangazi, sasa ni mweupe. Kinachombadilisha ni kufupika kwa mchana, si kuanguka kwa theluji. Kwa hiyo theluji ikichelewa huonekana kwa mbali akiwa mweupe juu ya majani makavu, na mbweha humwona pia. Kwenye kisanduku cha mbegu kilichotundikwa dirishani huja chikadi, ndege mdogo mwenye kichwa cheusi asiyehama. Mchana huficha mbegu mojamoja katika magome ya miti na kukumbuka alikoziweka, na usiku huishusha halijoto ya mwili wake kwa nyuzi kadhaa ili akiba ya mafuta imfikishe asubuhi. Kila Februari, tangu 1998, watu wa Marekani na Kanada, na sasa wa nchi nyingi, huhesabu ndege wa uani kwa siku nne na kuwapelekea wanasayansi idadi zao. Mtoto wa miaka saba anayejua kumtenganisha chikadi na shomoro anaweza kushiriki, na hesabu yake huchukuliwa kwa uzito uleule wa mtu mzima.

Vermont ina mtu wake wa kuthibitisha kwamba uchunguzi wa namna hii unaweza kufika mbali. Wilson Bentley alizaliwa mwaka 1865 katika shamba la kijiji cha Jericho, kilomita 20 hivi mashariki mwa Burlington. Mama yake alikuwa amewahi kuwa mwalimu, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka akafika umri wa miaka 14; shuleni alisoma miaka michache tu. Mama alikuwa na hadubini ya zamani kutoka siku zake za ualimu, na kijana akaipata alipokuwa na miaka kama 15. Wengine wa rika lake walitumia majira ya baridi kuteleza kwenye theluji. Yeye alikaa katika kibanda kisicho na moto akijaribu kuchora fuwele za theluji kabla hazijayeyuka, na kila mara ziliyeyuka kabla mchoro haujakamilika. Hatimaye wazazi walikubali kununua kamera ya kuunganishwa na hadubini, kwa fedha nyingi kwa familia ya wakulima. Tarehe 15 Januari 1885, akiwa hajatimiza miaka 20, alipiga picha ya fuwele moja ya theluji. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kufanikiwa kufanya hivyo.

Njia yake ilikuwa ya mikono na subira. Alizipokea chembe kwenye ubao mweusi uliokwisha kupoa nje, akatazama haraka, akaichukua iliyo nzima kwa kijiti chembamba, akailaza juu ya kioo kwa unyoya, huku akizuia pumzi isiiguse. Aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 40 huku akikamua ng'ombe na kulima, akakusanya picha zaidi ya 5,000. Kitabu chake chenye picha zipatazo 2,400 kilitoka mwaka 1931, naye akafariki mwezi Desemba mwaka huohuo kwa nimonia, baada ya kutembea nyumbani katika dhoruba ya theluji. Hakuwahi kuhama Jericho. Alipokuwa mtoto hakuna aliyemtengea mtaala wa sayansi. Alikuwa na mama aliyejua kitu, chombo kimoja kizuri, majira marefu, na ruhusa ya kurudia jambo lilelile mpaka alimudu. Vitu vinne hivyo bado vinapatikana, na vina thamani kuliko vifaa vingi vya masomo vinavyouzwa kwa wazazi wenye wasiwasi.

Watoto wa leo hurudia kazi yake kwa kitambaa cheusi kilichoachwa nje kipoe na lenzi ya mkononi. Huona pande sita, na huuliza kwa nini sita. Mwanaastronomia Johannes Kepler aliuliza swali hilohilo katika kijitabu cha mwaka 1611, na hakuwa na njia ya kulijibu kikamilifu, kwa kuwa jibu liko katika namna molekuli za maji zinavyoshikana zinapoganda, na zama zake hazikujua molekuli. Ukichiro Nakaya, mwanafizikia wa Kijapani aliyefanya kazi kisiwani Hokkaido, alitengeneza fuwele ya theluji katika maabara mwaka 1936 na kuonyesha kwamba umbo hutegemea halijoto na unyevu wa hewa: karibu na nyuzi 5 chini ya sifuri hutokea sindano, na karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri hutokea nyota zenye matawi. Mtoto aliyeweka daftari la halijoto na michoro kwa majuma sita anaweza kuuona mpangilio huo katika kurasa zake mwenyewe, ingawa si kila siku utamtii, maana fuwele huumbika mawinguni na kipimajoto chake kiko barazani.

Kurudi ndani ni kazi nyingine. Nguo hulowa, buti hujaa maji, na kichumba cha kuvulia viatu hugeuka mahali pa kukaushia. Supu huwa tayari jikoni. Kisha hufuata saa ya utulivu, kila mtoto mahali pake na kitabu au kitu cha kuchezea, na familia nyingi huilinda saa hii kwa nguvu zote kwa sababu ndiyo mzazi hupata kimya chake pekee cha siku. Mtungi wa maji huwekwa juu ya jiko ili hewa isikauke mno na kuwatoa watoto damu puani. King'ora cha kubaini gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi huwekwa ukutani, na nyumba ya jiko la kuni haifai kuwa bila chombo hicho.

Giza likiingia saa kumi na nusu, watu husomewa. Hapa ndipo elimu ya nyumbani huwa na nguvu yake kubwa majira ya baridi, kwa sababu jioni ni ndefu na hakuna pa kwenda. Kitabu kinene kilicho juu ya uwezo wa mtoto kusoma mwenyewe hakiko juu ya uwezo wake wa kusikiliza. Mdogo huketi akichora, wa kati hufuma au huchonga, na kesho yake asubuhi mmoja wao husimulia walipofikia. Mzee wa Kiswahili atautambua mpango huu mara moja, kwani ngano zetu nazo zilikuwa za usiku, na msikilizaji alipaswa kuitikia ili ijulikane kwamba hajalala. Huko Burlington na mji jirani wa Winooski wapo wasemaji wa Kiswahili kutoka Kongo na Burundi waliofika kama wakimbizi. Watoto wa familia hizi kwa kawaida husoma shule za umma, lakini saa hizo za giza baada ya shule zinawafaa pia, kwa kuwa ndizo mtoto anaweza kupewa lugha ya bibi yake bila haraka.

Mwili nao una madai yake. Katika latitudo hii, jua la kati ya Novemba na Februari liko chini mno kuiwezesha ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, na madaktari wa watoto wa Marekani hushauri watoto wapate kipimo chake kila siku kwa chakula au matone. Watu wazima huathirika kwa namna nyingine. Mwaka 1984 daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu huzuni inayorudi kila majira ya baridi na kutoweka mchana unaporefuka, na tiba yake mojawapo ni kuketi mbele ya taa kali asubuhi kwa nusu saa hivi. Hili linapasa kusemwa wazi, kwa kuwa mwalimu wa shule hii akishuka moyo, hakuna mwalimu wa zamu.

Mwalimu huyo mara nyingi ni mama. Kazi yake haina mshahara, haina likizo, na majira ya baridi huizidisha: nguo za kukausha, sakafu yenye matope ya theluji, mafua yanayozunguka nyumba nzima na kurudi kwa aliyeanza. Mwezi wa Februari ndio wazazi wengi huulalamikia. Sikukuu zimepita, mchana umeanza kurefuka lakini baridi haijalegea, watoto wanagombana kwa ajili ya kiti kimoja, na hesabu iliyoeleweka Oktoba inaonekana kusahaulika. Ni mwezi ambao mtu huhukumu mwaka mzima kwa siku mbaya mbili, na hukumu hiyo haifai kuaminiwa. Familia zenye uzoefu hupunguza masomo ya mezani mwezi huo badala ya kuyakaza: kusoma, hesabu kidogo, kutoka nje, na mradi mmoja wa mikono. Zinatafuta watu pia. Miji mingi midogo ya Vermont ina maktaba, na siku ya maktaba katikati ya juma hupangwa kwa ajili ya mama kama inavyopangwa kwa ajili ya watoto. Vikundi vya familia tatu au nne hupeana zamu: mmoja hufundisha muziki, mwingine huwapeleka wote bwawani kuteleza. Wanaosema kwamba mtoto anahitaji wenzake nje ya ukoo wake wako sahihi, na nyumba iliyokaa majuma mengi bila mgeni yeyote inapaswa kulisikiliza neno hilo.

Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, usiku ukiwa bado unagandisha na mchana ukianza kuyeyusha, utomvu hupanda na kushuka katika miti ya mepo. Vermont huongoza majimbo yote ya Marekani kwa shira ya mepo, na familia yenye miti michache tu uani yaweza kutengeneza yake. Mti hutobolewa, ndoo hutundikwa, na watoto hukusanya maji matamu kidogo ambayo yanahitaji kuchemshwa mpaka galoni 40 zibaki galoni moja. Kuchemsha huko huchukua siku nzima. Hapo kuna asilimia, uvukizi, kiwango cha kuchemka kinachopanda kadiri sukari inavyozidi, na shira ya moto inayomiminwa juu ya theluji safi ikawa peremende ya kutafuna, ambayo kwa desturi ya huko huliwa na donati na achari ya tango.

Kisha njia za udongo hugeuka matope, theluji hubaki kwenye vivuli tu, na watoto huanza kutoka asubuhi bila kuambiwa. Ratiba ya ndani hulegea yenyewe. Mzazi hukusanya kazi za miezi iliyopita kwa ajili ya tathmini ya mwisho wa mwaka: orodha ya vitabu vilivyosomwa, kurasa za mwandiko, kalenda ya mayai, vipimo vya kuni, hesabu ya ndege, na daftari la theluji lenye michoro na halijoto. Sehemu kubwa ya rundo hilo huwa na tarehe za kati ya Novemba na Machi.